Urefu wa Kamba, Upana wa Mzigo

Tangu nistaafu kazi ya kufunga mizigo na kuongoza kreni, nikarudi kwetu Giheke, vijana hunijia na vyeti mkononi. Wamesikia habari za Ruzizi III, bwawa la megawati 206, nao wanataka kuwa tayari. Wana haki. Bwawa la namna hiyo ni transfoma, milango ya chuma na turbini, na kila kimoja lazima kining'inie kwanza kabla ya kukaa mahali pake. Lakini nikimuuliza mwenye cheti slingi yake, yaani kamba ya kuinulia mzigo, iwe na urefu gani, ananitazama tu. Hilo linaniuma, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Ya utotoni hayana mengi: migomba, chai ya Shagasha, shule niliyoiacha mapema, kubeba mchanga Kamembe. Ruzizi II ilipojengwa miaka ya 1980 kwa ajili ya Rwanda, Burundi na Zaire, niliteremka mtoni kutafuta kibarua. Kituo kile kilianza kutoa umeme mwaka 1989, mitambo mitatu, megawati 43.8 kwa jumla. Mimi niliwekwa chini ya Mzee mmoja wa Uvira aliyejifunzia kazi bandarini Kalundu.

Pale kazini kulikuwa na Kifaransa, Kinyarwanda, Kirundi, Mashi na Kiswahili, na ngurumo za mto na mashine zilizimeza lugha zote. Tulibaki na mikono. Kidole cha shahada juu, kinazunguka: pandisha. Kidole chini, kinazunguka: shusha. Mzee hakumruhusu yeyote kusimama mbele ya kreni kabla mikono yake haijazoea. Mwendeshaji humfuata mwelekezaji mmoja tu, alisema, ila ishara ya kusimama hutolewa na yeyote, hata mama anayeleta chakula, na hakuna wa kuipinga.

Kabla ya kugusa kamba aliuliza uzito. Kisha akautafuta mwenyewe ulipoandikwa. Tangu mwaka 1929 upo Mkataba namba 27 wa Shirika la Kazi Duniani, unaotaka kila furushi la tani moja au zaidi linalosafirishwa baharini au kwenye maji ya bara liandikwe uzito wake kwa nje. Mzee aliujua bila kuusoma popote. Sanduku lisilo na namba hakulifunga.

Siku niliyomjua hasa ni siku ya ubishi. Lilikuwepo sanduku la chuma la tani kumi, la kuinuliwa mahali ambapo paa lilikuwa karibu mno. Msimamizi, kijana mwenye diploma, akachagua slingi mbili fupi, kila moja ya tani sita. Sita na sita ni kumi na mbili, akasema, tunazo mbili za ziada. Mzee akakataa. Slingi zikining'inia wima, kila moja hubeba tani 5. Zikiinama mpaka nyuzi 60 kutoka mzigoni, kila moja huvutwa kwa karibu tani 5.8. Kwenye nyuzi 45 ni kama 7.1, na kwenye nyuzi 30 ni 10 kamili. Uzito ni uleule. Kinachoongezeka ni jinsi kamba mbili zinavyovutana na kulibana sanduku katikati. Slingi za msimamizi zilikuwa zimelala kabisa.

Mzee aliomba boriti yenye pete moja juu katikati na mbili chini kwenye ncha, ili kamba ziteremke wima hata pakiwa pafupi. Akaambiwa anachelewesha kazi. Akazifungua slingi, akazikunja, akaketi juu yake. Boriti ilichomelewa, ikapimwa, na sanduku likapanda. Baadaye msimamizi alipanda cheo. Mzee alirudi Uvira bila hata barua ya shukrani. Nasema hapa wazi: aliyekuwa sahihi ni Mzee.

Kanuni yake ndiyo wanayonibishia hadi leo. Pima kwa kamba yenyewe umbali kati ya pete mbili za mzigo. Slingi isiwe fupi kuliko umbali huo. Zikilingana, pembetatu ina pande tatu sawa, na nyuzi 60 zimepatikana bila kifaa. Wakufunzi wa kozi fupi husema ni ya kizamani, jedwali lipo kwenye simu. Jedwali lipi? Lipo linalopima pembe juu, kwenye ndoano, na lipo linalopima chini, kwenye mzigo. Nyuzi 120 za huko juu ni nyuzi 30 za huku chini. Anayeyachanganya anaua mtu. Kijana, kama umefundishwa kwa picha ukutani bila kushika kamba, umeibiwa. Rudi kadai pesa yako.

Kanuni hiyo ni ya mzigo uliosawazishwa, wenye pete mbili. Kwa pete nne, pima mshazari, kona hadi kona. Hapo wahandisi wengine huhesabu miguu mitatu kuwa inabeba. Mimi nahesabu miwili, kwa sababu mzigo mgumu usiopinda hukalia kamba mbili zinazotazamana na kuziacha nyingine mbili zikilegea. Nyanyua mzigo kimo cha kiganja kimoja tu kutoka ardhini, simamisha, kisha zishike zile zilizolegea.