Agra: Ngome na Kaburi Jeupe

Wageni wafikapo Agra, katika nchi ya Uhindi, hukimbilia kwanza Taj Mahal. Sisi, wapenzi wasomaji, tulianzia ngomeni, ile ya mawe mekundu iliyoanzwa na mfalme Akbar mwaka 1565, wala hatukujuta. Humo mjukuu wake, Shah Jahan, alifungwa na mwanawe mwenyewe, Aurangzeb, tangu 1658 hata alipokufa 1666. Binti yake Jahanara hakumwacha. Alikaa naye kifungoni akimtunza.

Kutoka ukutani tuliliona, penye pindo la mto Yamuna, kaburi jeupe alilomjengea mkewe Mumtaz Mahal, aliyefariki 1631 akimzaa mtoto wao wa 14. Mzee yule alilitazama hivyo miaka minane!

Jioni tukaliendea. Marumaru yake imechongwa na kujazwa vito vidogo vya rangi, maua kwa majani. Kila kitu kina mwenziwe: upande wa magharibi msikiti, na mashariki jengo lifananalo nao, lililojengwa kwa ajili ya ulinganifu tu. Ndani, kaburi la Mumtaz li katikati kabisa. La mumewe lilisogezwa kando yake baadaye, nalo peke yake ndilo lililovunja mpango ule wote.