Zaburi ya Kupokezana

Nilikabidhiwa kwaya ya watoto ya Itaba mwaka 2003. Mkataba wa amani wa Arusha ulishatiwa sahihi tangu Agosti 2000, lakini huko kwetu vilimani, mkoani Gitega nchini Burundi, bunduki zilikuwa hazijanyamaza. Tarehe 9 Septemba 2002 wanajeshi wa serikali waliua watu wasiopungua 170 pale pale Itaba, wengi wao wanawake, wazee na watoto. Tarehe hiyo ilikuwa na uzito wake hata kabla ya hapo kwa Wakatoliki wa Gitega, kwani askofu mkuu wetu, Joachim Ruhuna, aliuawa kwa kuviziwa njiani tarehe 9 Septemba 1996.

Paroko aliniomba jambo moja tu: watoto wawe tayari kwa Noeli. Walikuja Jumamosi baada ya katekisimu, wakaketi sakafuni nyuma ya kanisa, wakubwa wamewabeba wadogo zao mgongoni. Mazoezi yalibidi yaishe mapema ili kila mtoto afike nyumbani kabla ya giza. Wapo walioimba kwa kupiga kelele hadi mishipa ya shingo ikasimama, na wapo waliofumbua midomo bila kutoa sauti. Hawa wa pili ndio walionishughulisha zaidi. Msichana mmoja alifuata maneno yote kwa midomo, juma baada ya juma, bila kukosa hata silabi, na hakuna aliyewahi kumsikia. Sikumwita mbele wala sikumhimiza. Nilimkalisha katikati ya wenzake wawili wenye masikio mazuri, nikaendelea na kazi.

Tulianza na pumzi. Kila mtoto aliweka kiganja tumboni, nikawaambia wapulize taratibu kama mtu anayepoza uji, mpaka pumzi iishe yenyewe na mabega yasipande. Kisha wakapuliza vivyo hivyo kwa irabu u, sauti ndogo kabisa. Nilikuwa na diapazoni, kile chuma chenye meno mawili kinachotoa noti ya la ukikigonga. Niliigonga kwenye goti, nikaisimamisha juu ya benchi, na ubao wote ukaanza kuvuma. Watoto walilala kifudifudi juu ya benchi, sikio kwenye mbao, wakigombania nafasi. Tangu siku hiyo hawakuanza wimbo kabla ya kuisikia ile la, na ole wangu nikiisahau mfukoni.

Kuna jambo ninalolishikilia mpaka leo, na nimelisema mbele ya walimu wengi wa kwaya. Nyimbo za watoto tunazianzisha chini mno. Mwalimu ni mwanamume, anaanzisha pale sauti yake inaporidhika, na mtoto wa miaka tisa anaitafuta sauti hiyo kifuani, anaisukuma, anakwaruzika koo. Kinanda kilichowekwa kwa ajili ya kwaya ya wakubwa kinaleta madhara yale yale. Pandisha wimbo toni mbili au tatu, kisha umwombe mtoto aimbe kwa upole: sauti inatoka kifuani, inahamia kichwani, inakuwa nyepesi, nayo inafika mpaka mlangoni bila kulazimishwa. Waumini hulalamika mwanzoni kwamba watoto siku hizi hawaimbi kwa nguvu. Walalamike tu. Koo la mtoto likishaharibika, kwaya nzuri ya baadaye imeharibika pia.

Ugumu mkubwa ulikuwa nyimbo zenyewe. Mapadri Weupe walifungua misheni ya Muyaga mwaka 1898 na ya Mugera mwaka 1899, wakaja na Kilatini na nyimbo za Gregori. Mwaka 1903 Papa Pius wa Kumi aliagiza kwamba wanawake wasiingie katika kwaya ya liturujia, na sauti za juu ziimbwe na wavulana. Katekista mmoja mzee wa kwetu alikuwa na Misa nzima ya Kilatini kichwani, aliyofundishwa angali mtoto, na Kyrie yake ilikuwa na utulivu ambao sijausikia kwingine. Urithi ule niliuheshimu. Kilichonisumbua ni zile tenzi za Ulaya zilizovalishwa maneno ya Kirundi baadaye. Kirundi kina toni, na irabu ndefu na fupi zinatofautisha maana. Wimbo unapopanda mahali ambapo neno linashuka, au unapovuta irabu iliyo fupi, mwimbaji anabaki na silabi tupu. Mtu mzima anaijua maana kwa mazoea. Mtoto haijui, na anaimba miaka mingi asichokielewa.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha kulitazama suala hili. Hati ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ibara ya 119, inataka muziki wa watu wa nchi za misioni upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Mwaka huo huo Padri Stephen Mbunga, wa upande wa Peramiho, alichapisha kitabu chake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Na hata kabla ya Mtaguso, mwaka 1958, huko Kamina katika Katanga, nchini Kongo, Padri Guido Haazen alikuwa ameshaimbisha Missa Luba na wavulana wa shule pamoja na walimu wao. Watu wakiitaja Missa Luba husifu ngoma. Mimi huwasikiliza wale wavulana, jinsi wanavyopokea kutoka kwa kiongozi na kumrudishia wimbo ukiwa na uhai zaidi. Huwezi kumwandikia mtoto kitu kama hicho karatasini kama hakimo tayari masikioni mwake.

Kwetu ngoma zipo, tena kubwa. Gishora, karibu na mji wa Gitega, inajulikana duniani kote, na mwaka 2014 UNESCO iliziandika ngoma za kifalme za Burundi katika urithi wa binadamu. Lakini zile ni za wanaume, na wengi katika kwaya yangu walikuwa wasichana.

Nilichokuwa natafuta kilikuja chenyewe mlangoni. Jumamosi moja bibi mmoja alimleta mjukuu wake, akakutana pale na rafiki yake wa siku nyingi ambaye hawakuwa wameonana tangu vita viwatawanye. Wakakumbatiana, na papo hapo wakaanza akazehe, ile salamu ya kuimbwa ya wanawake wa Kirundi. Mmoja anaanzisha, mwingine anapokea. Vipande ni vifupi, na kila mmoja anaingia pale mwenzake anapovuta pumzi, kiasi kwamba hakuna ufa wa kimya katikati. Mwendo unaongezeka, sauti zinapishana juu na chini, mwishoni zinakutana mahali pamoja na kutua. Nilipogeuka, wasichana watatu wa kwaya walikuwa wakiifuata chini kwa chini, kila mmoja upande wake, bila kupotea. Hawa ndio wale niliokuwa nimehangaika nao majuma mengi ili washike sauti ya pili.

"Bibi, nani amewafundisha watoto hawa?"

"Mwalimu, hili halifundishwi. Mtoto analipata akiwa mgongoni."

Nilichukua wimbo wa katikati, ile zaburi inayofuata somo la kwanza, nikaanza kutafuta namna ya kuigawa. Wasichana wawili waliimba beti, mmoja akianzisha nusu ya mstari na mwenzake akiimalizia kwa kuingia juu ya pumzi yake. Kiitikio kiliimbwa na wote, chepesi, ili watu waweze kukijibu. Melodia niliitoa katika maneno yenyewe: nilimwomba yule bibi ayatamke polepole, nikaandika mahali sauti yake ilipopanda na iliposhuka, na mahali ilipokaa. Ilituchukua Majilio yote na bado haikuwa tayari. Noeli tuliimba nyimbo za kawaida.

Mzee mmoja wa baraza la parokia alikuja kunikabili. Aliniambia, kwa heshima, "Mwalimu, akazehe ni ya uani. Wanawake wanasalimiana nayo, wanacheka. Mbele ya altare inatafuta nini?" Hoja yake haikuwa ya ovyo. Si kila kinachopendeza uani kinafaa kwa Misa, na nimeona kwaya zikigeuza Misa kuwa tamasha. Nilimjibu kwamba zaburi ni maneno ya Mungu kwa watu na jibu la watu kwake, na kwamba sijui njia bora ya kumwonyesha mtoto jambo hilo kuliko kumpa mwenzake wa kumpokea. Paroko hakuamua kati yetu. Alikuja kwenye mazoezi, akakaa nyuma pamoja na yule mzee, wakasikiliza mara mbili. Kisha akasema iimbwe Epifania.

Epifania ndiyo sikukuu ya Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson ili watoto wawasaidie watoto wenzao. Watoto wetu walileta maharage, mayai na sarafu chache. Zaburi ilipoanza, wanawake kanisani waliitambua kabla ya mstari wa kwanza kuisha, na kiitikio kilijibiwa kwa namna ambayo sikuwa nimeifundisha: nusu ya kanisa ilianzisha, nusu ikapokea. Yule msichana wa midomo hakuimba siku ile. Aliimba katika Kwaresima, kwenye wimbo wa kawaida kabisa, na wenzake walikuwa na busara ya kutogeuka kumtazama.

Baadaye nilihamia Muyinga. Huko kazi ilikuwa nyingine. Tangu mwaka 2002 wakimbizi walikuwa wakirejea kwa malori kupitia mpaka wa Kobero, kutoka kambi za Ngara, Tanzania, kama Lukole, na watoto waliozaliwa kambini walijaa katika kwaya. Walijua nyimbo za Kiswahili za Tanzania, za sauti nne. Waliobaki Burundi waliwacheka kwa lafudhi yao ya Kirundi. Mimi niliona hazina. Mvulana wa miaka kama kumi aliweza kushika besi yote ya wimbo, oktava moja juu, kwa kuwa kambini alikuwa akisimama kando ya baba yake kwaya ikiimba. Niliwapanga wawili wawili, mrejea na aliyebaki, kila mmoja amfundishe mwenzake wimbo mmoja mpaka auimbe peke yake mbele ya wote. Kicheko kilikwisha kabla ya Pasaka, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameonja ugumu wa wimbo wa mwenzake.

Ile zaburi ya Itaba bado inaimbwa. Mmoja wa wale wasichana watatu sasa ndiye anayeongoza watoto, na aliniomba niiandike yote kwa noti, maana bibi hayupo tena. Niliiandika na kumpelekea. Alinirudishia karatasi ikiwa na marekebisho kwa penseli: sauti ya pili ameiingiza mapema zaidi, kabla ya ya kwanza kumaliza neno, na kiitikio amekipandisha nusu toni. Nimeyajaribu mara nyingi peke yangu, nikigonga la na kuimba pande zote mbili kwa zamu. Yuko sahihi. Nimemwambia asibadilishe chochote.