Askari wa Damu

Misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora kwenda Ujiji ilifuatana na askari wa kuilinda. Mwili nao una askari wake: chembe nyeupe za damu. Mdogo wangu, hapa Tabora, alitulizwa na klozapini baada ya dawa nyingine mbili kushindwa na sauti zilizomwandama usiku na mchana. Alirudi kucheka, neema hiyo siidharau. Lakini kwa watu wachache dawa hii hupunguza askari hao mpaka wakakaribia kwisha. Mwaka 1975 wagonjwa kadhaa wa Ufini walikufa kwa sababu hiyo, na nchi nyingi zikaiacha. Mwaka 1989 Marekani iliiruhusu kwa sharti la kupima damu mara kwa mara. Kwetu iko shida nyingine. Homa na maumivu ya koo ndizo dalili za hatari, na Tabora homa huitwa malaria kabla mgonjwa hajaketi. Kwa hiyo mama humtajia daktari jina la dawa kwanza, homa baadaye. Malaria ikisha kupimwa, hudai damu nyingine itolewe, chembe nyeupe zihesabiwe. Wengine humwona msumbufu. Yeye hungoja jibu la maabara akiwa amesimama.