Mbwa Hupona Kabla ya Mfupa Wake

Simu ninayoiogopa huja wiki ya tatu. Haiji usiku wa ajali, mbwa akilia na damu ikichuruzika. Usiku huo kila mtu hunisikiliza. Huja siku ya 18 au ya 20, tena kwa sauti ya furaha: "Daktari, Mungu akubariki, mbwa amepona. Tumemfungua leo asubuhi."

Natibu mifugo Garsen na vijiji vya kando ya mto Tana: Idsowe, Wema, Hewani, mpaka Ngao. Kazi yangu kubwa ni ng'ombe na mbuzi. Mbwa huletwa wameshaumia sana: huyu amegongwa na bodaboda kwenye barabara ya Malindi, yule amepasuliwa paja na ngiri, mwingine amenasa mtego wa waya uliotegewa swala, au mwiba wa mathenge umezama kwenye wayo na mguu umevimba kama embe. Watu wa mjini wakisikia natibu mbwa hudhani ni mambo ya starehe. Hawajalala shambani kando ya Tana mahindi yakiwa mabichi. Mchana ni tumbili na nyani, usiku ni nguruwe na kiboko. Mbwa ndiye humwamsha mwenye shamba dunguni. Ninaposema mbwa huyo apumzike wiki sita, ninaiambia nyumba nzima ikeshe wiki sita.

Namkumbuka Jimi, mbwa mwekundu wa mzee mmoja wa Idsowe. Bodaboda ilimvunja muundi wa mguu wa nyuma. Ngozi haikupasuka, na hiyo ilikuwa heri. Nilimchoma sindano ya usingizi, nikaunyoosha mguu kwa vidole tu maana eksirei sina, nikazungushia pamba na bendeji, kisha kitata cha vipande vya upongoo nilivyochonga kwa panga, kikapita goti na kifundo. Nikamwambia, "Babu, wiki sita, asikimbie hata kidogo." Akajibu, "Sawa, mwanangu."

Siku ya 19 mkewe akanipigia ile simu. Mchana wake nyani wakaingia mahindini, na Jimi hakungoja kuitwa. Nilipofika jioni kitata kilikuwa kimegeuka upande, na chini ya kidole gumba changu nikasikia mfupa unasagana. Nilifunga upya. Mwishowe uliunga, lakini umepinda, na hadi leo Jimi huugusisha mguu ule chini tu, hauegemei.

Mzee yule si mkaidi. Alikuwa amekesha dunguni usiku 18 na mgongo wake mbovu. Alimwona mbwa anasimama, anakula, anatikisa mkia. Maumivu huondoka mapema, na hapo ndipo watu hudanganyika. Kufikia wiki ya tatu mwili umeushika mfupa kwa kitu laini kama gegedu, kinachotosha mbwa asilie lakini hakitoshi aruke mtaro. Mfupa mgumu huja baadaye, wiki ya 6, ya 8, kwa mbwa mzee hata ya 12. Mtoto wa mbwa huwahi, wiki 3 au 4, na majirani hunitolea mfano wake: mbona yule wa fulani aliunga upesi?

Dawa ya maumivu nayo ni mtihani. Nisipompa, hali wala halali. Nikimpa, anajiona mzima. Nampa, kwa sababu siwezi kumwacha kiumbe ateseke ili tu atulie. Ila nawasihi watu wasimpe vidonge vyao wenyewe. Nimeitwa kwa mbwa aliyepewa diklofenaki siku tatu kwa huruma. Alikuwa anatapika damu. Mguu ule ungepona. Mbwa hakupona.

Siku hizi siagizi kamba tena. Mbwa wa kamba huzunguka mti mpaka ajikabe, na akiona tumbili hujirusha, kamba ikamrudisha juu ya mguu mbovu. Naomba kizimba: pembe ya ukuta na fito, upana wa kumtosha kujinyoosha na kujigeuza, paa la chini asiweze kusimama kwa miguu ya nyuma. Upande unaotazama shamba tunauziba kwa makuti. Hilo la makuti nililijua baada ya kupoteza miguu mingi. Mbwa wa shamba huinuliwa na macho. Asipoona, pua na masikio bado humsumbua, lakini hulala.

Akichoka kukaa atatafuna bendeji. Hapo nakata mtungi wa plastiki wa lita 10, namvisha shingoni kama kola, na nawaonyesha kazi ya kifuu: paka ndani uji mzito wenye kambare aliyetolewa miiba, umwachie. Atakilamba nusu saa nzima. Chakula hichohicho kwenye sufuria humalizwa kwa pumzi tatu. Mara nne kwa siku atolewe kwa kamba fupi, akojoe, arudi. Vidole vya mguu vishikwe kila asubuhi. Vikivimba au vikiwa baridi, bendeji imebana, niitwe saa hiyo hiyo. Kukinyesha, mguu uvikwe anapotoka. Tangu majuala yapigwe marufuku 2017 tunatumia pakiti ya maziwa au kipande cha tyubu ya baiskeli, na akirudi kivuliwe, maana jasho nalo huozesha.

Wauguzi wangu bora ni watoto. Msichana mmoja wa Hewani alichora mstari wa mkaa ukutani kila jioni baada ya kumlisha mbwa wao. Nilipokwenda kufungua kitata nilihesabu mistari 42.

Kwa wafugaji ni vigumu zaidi, kwa kuwa mifugo haimngojei mbwa. Kiangazi ng'ombe hushuka kwenye malka, njia za kufikia mto, kunywa, na boma linaweza kuhama kwa siku moja. Kijana mmoja Muorma aliniletea mbwa aliyechanwa na ngiri. Alimshikilia kwa gunia nikishona, tulipomaliza akanawa mara saba, moja kwa udongo, kama dini yake inavyomwelekeza. Nyuzi zilitakiwa kukaa siku 10 hadi 14. Walimwacha kwa nyanya yake, wakahama. Usiku wa pili mbwa alikata kamba kwa meno akafuata nyayo za ng'ombe. Kijana alinipigia kutoka huko walikofika: mbwa amewasili, jeraha liko wazi, lina mabuu. Nilimwelekeza kwa simu jinsi ya kuosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Mbwa alipona kwa kovu pana, na sikuwa na la kumlaumu yeyote.

Jambo moja silifanyii mzaha. Mbwa mwenye maumivu humuuma hata anayempenda. Kabla ya kumshika nauliza chanjo ya kichaa cha mbwa, na aliyeumwa naosha kidonda chake kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Halafu kuna mto. Bwawa la Masinga likijaa huko juu, redio hututangazia, na baada ya siku chache maji yako mlangoni. Mwishoni mwa 2023 nilikuwa na mbwa wawili kwenye vitata. Watu walihamia ardhi ya juu, mtu na godoro lake na kuku wake. Mbwa mmoja alibebwa mtumbwini juu ya magunia, bendeji ikalowa, mguu ukaoza nikaukata. Wa pili aliachwa juu ya dungu na akaogelea.

Sasa hivi nina mmoja Wema, jike mweusi aliyevunjika mguu wa mbele. Jana nilimkuta nyuma ya makuti, kifuu katikati ya miguu yake, macho mazima kabisa. Alisimama akanisalimia kwa mkia. Mama mwenye nyumba alinitazama, nikajua anachofikiria. Kesho ni siku ya 20. Nimemwambia nitapita alfajiri, kabla hajashika simu.