Miezi Minane ya Paje

Unguja, Mei 12, 2025
Dirisha la maombi ya Marie Skłodowska-Curie, ufadhili wa Ulaya kwa watafiti wenye uzamivu, limefunguliwa. Mwisho Septemba 10. Awamu ya 2024 waliomba watu 10,360, wakapata 1,696. Idadi hiyo hainitishi sana. Kinachonikwaza ni matangazo ya ajira za utafiti niliyoyapitia jana usiku: mengi ni ya miradi ambayo profesa ameshauliza swali, ameshapata fedha, sasa anatafuta mtu wa kumfanyia kazi. Ni ajira ya heshima. Lakini mimi swali ninalo, nimelitoa Paje: kwa nini mwani wa kotonii huugua na kufa maji yakipata joto, ilhali spinosum huvumilia? Siliachi.

Mei 19
Uswidi imeshindikana. Nilisomea huko uzamivu, na sharti la ufadhili linamkataa aliyeishi katika nchi mwenyeji zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya siku ya mwisho. Msimamizi wangu wa zamani alikuwa tayari kunipokea. Inauma, ila sharti ni la haki; bila hilo wengi tungebaki chini ya mwavuli wa waliotulea.

Basi Roscoff, Ufaransa. Kituo chao cha baharini kipo tangu 1872, na jenomu ya Chondrus crispus, iliyotoka 2013, ni kazi iliyoongozwa na watu wa pale. Huo nao ni mwani mwekundu, ndugu wa kotonii, wenye karajinani, ule ute unaofanya mwani wetu ununuliwe.

Juni 2
Nimemwandikia profesa wa huko. Tunashauriwa kutuma barua nyingi za aina moja na wasifu nyuma yake. Sitaki. Nimesoma makala zake kwanza, kisha nikaandika aya tatu: alichokithibitisha, kisichojibiwa bado kuhusu bahari yetu, na sampuli nilizonazo. Ombi huwasilishwa na taasisi mwenyeji, kwa hiyo yeye asipolikubali swali hakuna ombi.

Juni 12
Bamvua. Nimeshinda Paje na bibi mmoja anayelima mwani tangu kilimo hicho kilipoanza huko, 1989. Kotonii ndiyo yenye bei, naye ameshaiacha.

“Mwanangu, unakwenda Ulaya kututafutia dawa au unakwenda kukaa?”

“Kutafuta, bibi.”

“Haya. Na huku utarudi lini?”

Sikuwa na jibu la kumpa. Usiku nimefungua tena mwongozo na kusoma kila kifungu. Theluthi ya muda wa ufadhili inaweza kutumika kwenye taasisi nyingine, popote duniani. Kwa miezi 24 ni miezi 8!

Juni 20
Profesa amejibu, na ameuliza kama mwenye shauku: kotonii hufa zaidi msimu gani? Nimemwambia kaskazi, hasa Januari hadi Machi, maji yakiwa moto. Nimependekeza miezi 8 hiyo niwe Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa Unguja, kaskazi mbili, miezi minne kila moja. Amekubali.

Maelezo ya mradi ni kurasa 10 tu. Ubora wa sayansi una asilimia 50 ya alama, manufaa 30, utekelezaji 20. Kesho naanza na utekelezaji, sehemu ambayo wengi huiandika wakiwa wamechoka. Humo nataka wakulima wa Paje wawekwe kwa kazi zao na malipo yao, tangu mwezi wa kwanza.