Hereni haizami, ni wewe unavimba

Wasee, kuna ushauri unazunguka mtaani: ukitoboa, weka hereni nyepesi, nzito itazama ndani ya sikio. Unasikika poa. Chuma si huzama? Angusha kipini kwa karai la maji uone.

Sawa, kitazama. Chuo niliacha, lakini fizikia ya sekondari haijaniacha. Sentimita moja ya ujazo ya maji ina gramu 1. Ya chuma cha pua ina karibu gramu 8, titani 4.5, dhahabu safi 19.3. Zote zinashinda maji, zote zinaenda chini, hata hiyo titani mnayosifu kuwa nyepesi. Feri ya Likoni ni chuma pia na inaelea, juu tumbo lake lina hewa na linasukuma maji mengi kando. Lakini hiyo ni stori ya maji.

Nyama si maji. Uzito wa hereni ukizidi, unavuta sikio chini, hauingii ndani. Waangalie wazee wa Kimaasai waliobeba mapambo kwenye ndewe miaka na miaka. Mapambo hayakuzama, ndewe ndizo zilirefuka.

Kinachokupata wewe ni kingine. Mwili ukitobolewa unavimba. Kama kile kijiti kinachopita kwenye tundu ni kifupi, uvimbe unakosa nafasi, unapanda juu ya kichwa cha hereni mbele na kale kachuma ka kufungia nyuma. Kichwa kikiwa kidogo, ndio kinamezwa mapema. Ukikaa nayo hivyo, ngozi inaanza kujifunga juu yake. Kwa kioo unaona hereni imezama, kumbe haijasonga popote.

Beshte yangu alitobolewa gegedu ya sikio kwa kibanda fulani town, kwa ile bunduki, hereni fupi. Wiki ya pili kale kachuma ka nyuma hakaonekani. Akarudi, akaambiwa, "Siz, hiyo ni nzito, weka ndogo." Ndogo! Sikio limevimba na dawa ni kulibana zaidi? Daktari ndiye alipiga ganzi, akapasua kidogo, akaitoa. Hereni yenyewe ilikuwa nyepesi kuliko sarafu ya shilingi moja. Bili alilipa yeye, si kibanda.

Watoboaji wanaojua kazi huanza na kijiti kirefu, hasa kwa ulimi, halafu unarudi uvimbe ukishashuka wakubadilishie kifupi. Kwa hivyo usimuulize mtu gramu. Muulize ameacha nafasi kiasi gani ya kuvimba, na akikuangalia kama umemtukana, toka. (Aina ya chuma ina maana, sikatai. Nikeli huwasha watu wengi, na ngozi ikiwashwa inavimba. Bado uzito hauhusiki.)

Na kama kichwa kimeanza kupotea, usikivute mbele ya kioo na kibanio cha nyusi. Kama bado kinaonekana, tafuta mtoboaji anayejua akuwekee kirefu. Ngozi ikishafunga, ama kuna usaha, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mathe atakuuliza mbele ya daktari ni nani alikutuma kutoboa.