Shauri Lililofutwa: Lugha ya Mahakama katika Kioo cha Kompyuta

Katika maduka ya Kariakoo, maana ya kufuta haina utata. Deni likilipwa, mwenye duka hulifuta katika daftari, na kilichofutwa hakidaiwi tena. Katika simu na kompyuta zinazotumia Kiswahili, kitufe cha kuondoa ujumbe nacho huitwa "Futa". Neno hilohilo likiandikwa mbele ya namba ya shauri, mwananchi ana haki ya kuuliza: kilichofutwa ni kipi? Ni dai lake, ni kumbukumbu zake, au ni tarehe ya kusikilizwa tu?

Swali hili si la wanaisimu peke yao. Mwaka 1959, katika shauri la chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo, Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilitofautisha rufani inayoondolewa kwa sababu ya kasoro na rufani inayotupwa baada ya kuamuliwa. Msingi huo ungali unatumika nchini Tanzania. Aliyeondolewa shauri aweza kurekebisha kasoro na kulileta upya, iwapo muda wa sheria unamruhusu. Aliyetupiwa shauri hana njia hiyo. Katika mazungumzo ya kila siku, hali zote mbili huitwa kufutwa. Mjane anayefuatilia mirathi akisoma neno hilo na kukata tamaa, muda wa sheria hupita ilhali mlango ulikuwa wazi.

Kanuni za kusajili mashauri kwa njia ya kielektroniki zilitolewa mwaka 2018, na tangu wakati huo mfumo wa kompyuta wa Mahakama umekwisha kusanifiwa upya. Kwa kawaida, usanifu wa namna hii hupimwa kwa wepesi wa kurasa na uchache wa hatua. Vipimo hivyo ni vya lazima, lakini havitoshi. Lugha ya kioo ni sehemu ya usanifu wenyewe.

Chukuliwe mfano wa upatanisho wa kisarufi. Kiingereza huweza kutumia neno moja kueleza hali ya shauri, rufani au maombi. Kiswahili hudai shauri limeahirishwa, rufani imeahirishwa, maombi yameahirishwa. Msanifu aliyeacha nafasi moja kwa neno moja atalazimika kuvunja sarufi, au kukimbilia nomino kama "ahirisho", ambayo haimwambii msomaji nani aliahirisha wala mpaka lini. Sentensi kamili hupendeza na hufaa zaidi: "Shauri lako limeondolewa kwa sababu ya kasoro. Waweza kulileta upya."

Aidha, si kila mdaawa hukutana na kioo hicho ana kwa ana. Wengi hupitia steshenari, ambako kijana huwajazia taarifa kwa malipo na kuwachapia karatasi. Huko namba ya malipo huitwa "kontroo namba", ilhali nyaraka rasmi huandika "kumbukumbu namba". Majina mawili ya kitu kimoja humfanya mgeni adhani ni malipo mawili. Kijana huyo amekuwa mkalimani asiye na kiapo, na akikosea tafsiri, hasara humwangukia mdaawa.

Haiwezi kusemwa kwamba msamiati haupo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 iliweka Kiswahili kuwa lugha ya Mahakama za Mwanzo, wakati kumbukumbu na hukumu za mahakama za wilaya na za hakimu mkazi, kama ile ya Kisutu, ziliachwa katika Kiingereza. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 ndiyo yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama kwa ujumla. Kwa hiyo, karani wa Mahakama ya Mwanzo ana uzoefu mrefu wa kumweleza mwananchi hatima ya shauri lake kwa maneno yanayoeleweka.

Ni karani huyo, pamoja na mdaawa na kijana wa steshenari, wanaopaswa kuketi na msanifu kabla programu haijaandikwa. Kazi ikianza kwa Kiingereza, na mfasiri akaitwa mwishoni kujaza nafasi zilizokwisha kupimwa, Kiswahili kitakuwa lugha ya mahakama katika sheria, na lugha ya kubahatisha katika kioo.